Damu ya Rangi

Damu ya Kapteni Alex ni nyekundu kupita kiasi. Mtu aliyekulia Mkwiro hadanganyiki nayo, kwa sababu sisi damu tumeizoea tangu utotoni na tabia zake tunazijua. Jodari akipandishwa chomboni humwaga damu nyingi, nyekundu ya kukolea, lakini jua haliipi muda. Punde inakuwa nyeusi, inashika kwenye mbao, na mtoto aliyeachiwa kazi ya kuosha chombo anajua kwamba akienda kucheza kwanza atasugua mpaka Magharibi. Changu hana damu ya kutaja. Pweza ndiye kioja: damu yake ina shaba pale ambapo yetu ina chuma, na ukimpasua huoni wekundu wowote. Idi kubwa ikifika, damu ya mbuzi hunywewa na mchanga kabla ngozi haijachunwa, kinachobaki ni harufu na nzi. Damu ya kweli haitulii. Huganda, hunuka, hugeuka rangi. Ile ya filamu hukaa vilevile: mtu amepigwa risasi, mapigano yamepita, nyumba imelipuliwa, na shati la maiti bado linang'aa.

Basi nilipoiona kwa mara ya kwanza “Who Killed Captain Alex?” katika banda la vidio pale kijijini, nilicheka, tena kicheko cha mtu anayejiona anajua zaidi. Tangu hapo nimekuwa nikikigeuzageuza kicheko kile, na kila ninapodhani nimekielewa kinaniponyoka.

Niseme kwanza habari ya banda lenyewe. Mkwiro iko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, na kisiwa hakina gari hata moja. Ukitaka kwenda kijiji cha Wasini unapita kwa miguu juu ya mawe ya matumbawe, ukitaka bara unangoja chombo. Kusi ikivuma, bahari ya nje haiendeki kwa ngalawa na mitumbwi, madema hubaki yameegemezwa ukutani, na vijana ambao kaskazi ingewakuta Kisite au Mpunguti hukaa barazani wakitazamana. Huo ndio msimu wa banda. Ni chumba cha kuta za udongo na makuti, shuka jeusi mlangoni, mabenchi yaliyoundwa kwa mbao za ngalawa iliyokufa, televisheni moja na betri zinazochajiwa kwa sola. Hufunguliwa baada ya Isha. Mimi siku hizi nafanya kazi Ukunda na huja nyumbani mwisho wa wiki, na usiku huo niliingia kwa sababu mpwa wangu alinivuta mkono: “Mjomba, njoo uone Waganda wanavyouana.”

Filamu hiyo ni ya mwaka 2010, kazi ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini katika jiji la Kampala. Kisa chake ni chepesi kukisimulia na kigumu kukifuata. Kapteni Alex, mwanajeshi hodari kuliko wote, anatumwa kulivunja genge la wahalifu linaloitwa Tiger Mafia. Kabla hajalivunja anauawa usiku. Ndugu yake, bingwa wa kung fu aitwaye Bruce U, anakuja kulipa kisasi. Baada ya hapo ni risasi, mateke, helikopta za kompyuta zinazoulipua mji wa kompyuta, na damu. Si filamu ya mizimu. Lakini kwa wingi wa maiti na kwa jinsi vifua vinavyopasuka, hata filamu zile za mizimu zilizotoka Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 2000, kama “Nsyuka” ya Mussa Banzi, ambazo tulikuwa tukizitazama huku dada zetu wamejifunika kanga usoni, haziifikii.

Waigizaji wanasema Kiganda. Juu ya Kiganda chao kuna sauti ya mtu mwingine kabisa, VJ Emmie, ambaye hayumo katika kisa lakini hanyamazi: anatania, anashangilia, anawatukana majambazi, anatutangazia kwamba shughuli yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Na pale Mkwiro, juu ya Kiingereza cha VJ Emmie, kulikuwa na kijana wetu aliyejifunza Kiingereza kwa kuwapeleka watalii kutazama pomboo, naye akatutafsiria kwa Kiswahili cha kwetu, akiongeza ya kwake. Kwa hiyo mtu mmoja akifa kule Kampala, kifo chake kilitufikia kimepita vinywa vitatu.

Nilicheka, kama nilivyosema. Nilicheka bunduki zilizoungwa kwa vyuma chakavu, nilicheka moto usiochoma kitu, nilicheka damu. Nadhani niliona aibu kidogo pia, ile aibu ya kumwona jirani yako akicheza ngoma vibaya mbele ya wageni. Maana nilikuwa nimesikia kwamba filamu hii Wazungu wanaipenda sana, kwamba inatazamwa Marekani na Ulaya, na moyoni nikajiuliza wanachokipenda ni nini hasa kama si umaskini wetu wenyewe uliowekewa muziki.

Wiki zilizofuata nilisoma kidogo kidogo habari za Nabwana. Aliwahi kufyatua matofali ili apate fedha za kununulia vifaa vyake. Kompyuta zake aliziunga mwenyewe kwa vipande vya mashine nyingine. Kampuni yake inaitwa Ramon, jina alilolipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Gharama ya filamu nzima, wanavyosema, haikufika dola 200 za Marekani. Damu, mwanzoni, ilikuwa ya ng'ombe kweli. Muigizaji mmoja akaugua kwa sababu yake, wakaiacha, wakahamia rangi ya chakula. Rangi hiyo wanaitia ndani ya kondomu, wanaifunga kifuani chini ya shati, kisha mtu aliyejificha anaivuta kwa mshipi wa kuvulia ili ipasuke wakati bunduki ya bandia inapolia.

Hilo la mshipi niliwasimulia vijana barazani, nikitegemea watacheka. Hawakucheka. Walinyamaza kidogo, halafu mmoja akauliza ni mshipi wa namba gani, kwa sababu ule mnene ungeonekana kwenye kamera na ule mwembamba ungekatika kabla kondomu haijapasuka. Wakabishana hapo hadi adhana. Nikawa mimi peke yangu niliyebaki na kicheko, na kicheko cha mtu mmoja barazani hakina raha.

Nilikuja kujua pia kwamba damu ya bei rahisi ina ukoo mrefu. Mwaka 1963 Mmarekani Herschell Gordon Lewis alitengeneza “Blood Feast” kwa dola elfu ishirini na kitu, na watu wa sinema huihesabu kuwa mwanzo wa filamu za kumwaga matumbo hadharani. Miaka mitano baadaye George Romero alitoa “Night of the Living Dead”, na kwa kuwa ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Hao hakuna anayewacheka kwa umaskini wao, wanaitwa waanzilishi. Nikajiuliza kama mimi, kijana wa madema, ningewahi kumcheka Romero. Jibu nililijua na halikunipendeza.

Lakini sitaki kujifanya kwamba nilihama kutoka dharau hadi heshima kwa hatua moja safi. Hata baada ya kuyajua hayo yote niliitazama tena nikacheka palepale nilipocheka mwanzo. Nilijiambia kwamba sasa nacheka pamoja nao, siwacheki. Watu husema hivyo, ni maneno mazuri. Ila kicheko chenyewe, kilivyotoka kifuani, kilikuwa kilekile, na sijui kama Nabwana angekuwa amekaa nyuma yangu kwenye benchi angeweza kuvitofautisha. Pengine yeye hajali. Pengine alikitengenezea nafasi tangu mwanzo, maana VJ Emmie hucheka kabla yetu.

Kuna mtu mmoja ambaye hakucheka. Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliingia bandani usiku uleule akiwa anatafuta mtu wa kumsaidia kuvuta chombo pwani. Akasimama mlangoni, shuka likiwa begani mwake, akatazama kidogo. Kwenye kioo watu walikuwa wakianguka mmoja juu ya mwingine, sakafu imelowa. Ami akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeuliza bei ya samaki: “Na hapo ataosha nani?”

Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Kijana wetu mfasiri akalidaka neno hilo akalifanya lake, na kila maiti mpya ilipoanguka akapiga kelele, “Ataosha nani?” Ami hakukasirika. Alilishusha shuka taratibu akaenda zake. Mimi pia nilicheka, nikidhani ni mzaha wa mzee.

Ilipita muda kabla sijamuuliza. Tulikuwa tumekaa chini ya mkungu, anatengeneza dema, nami nikaanza kwa mbali, nikamwambia, “Ami, ile filamu ya Waganda hukuipenda.” Akasema si kuipenda wala kutoipenda. Halafu, bila kuinua macho kwenye kazi yake, akanisimulia mambo mawili matatu ya mwaka 1997, mwaka ambao alikuwa akifanya kazi dukani bara.

Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka. Usiku wa tarehe 13 Agosti wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua silaha, na kwa siku na wiki zilizofuata watu wa kutoka bara waliokuwa wakiishi Likoni na sehemu za Kwale waliuawa na kuchomewa vibanda. Watu zaidi ya 100 walikufa, na maelfu walikimbia. Wengi walijazana katika uwanja wa kanisa Likoni. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Vijana walikuwa wameapishwa katika msitu wa Kaya Bombo, na nyuma ya vijana, wengi waliamini, kulikuwa na wakubwa. Mimi nilikuwa kisiwani wakati huo. Kwetu ilifika kama habari, kama bei ya unga iliyopanda na vyombo vya watalii vilivyokaa bila abiria. Ami alikuwa kule.

Hakunieleza aliona nini usiku. Alieleza asubuhi. Mwenye duka alimpa ndoo na ufagio akamwambia aoshe baraza. Maji yalikuwa ya kununua. Damu ilikuwa imeshika, ikabidi ateke tena, atie sabuni ya unga, asugue kwa makumbi ya nazi. Ya nani, hakuambiwa. Alipomaliza duka likafunguliwa, wateja wakapita juu ya sakafu iliyo mbichi, mmoja akamlaumu kwa kumlowesha viatu. Akanyamaza. Kisha akaniomba nimshikie ufito.

Tangu siku hiyo siwezi kusema damu ya Nabwana ni ya uongo kwa namna ileile niliyoisema mwanzo. Ni ya uongo, ndiyo, na haifichi uongo wake. Inakwambia waziwazi: mimi ni rangi, nimefungwa kwa mshipi, ukikata filamu huyu kijana atainuka, atafua shati lake, kesho atauza diski za filamu hii mlango kwa mlango, kwa sababu ndivyo waigizaji wa Wakaliga walivyokuwa wakilipwa, kwa kuuza wenyewe kabla wezi wa nakala hawajawatangulia. Kuna adabu fulani katika uongo wa aina hiyo. Au nataka tu iwepo, nipate kuitetea filamu ambayo nimeshaanza kuipenda.

Nikilinganisha na simu yangu, maneno hayo yananijia kwa urahisi zaidi. Kwenye kundi la ukoo wetu, matatu ikipinduka barabara ya Likoni kwenda Lungalunga, picha hufika kabla jina la marehemu halijafika. Mwaka 2023 makaburi ya Shakahola kule Kilifi yalipofukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini, tulitumiana vitu ambavyo sitaki kuvieleza. Chini ya kila picha mtu huandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, mwingine anaweka viganja vya dua, wa tatu anaipeleka kundi lingine. Hakuna anayecheka. Hakuna anayesema kitu. Na mimi, mtu mzima niliyekuwa na maoni kuhusu banda la vidio, niliwahi kuikuza picha moja kwa vidole viwili ili nione vizuri. Nilikuwa peke yangu chumbani Ukunda. Hakuna sauti iliyoniambia chochote, wala ya mzaha wala ya kunikanya.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria upya VJ Emmie. Mwanzo nilimwona ni kelele iliyobandikwa juu ya filamu. Baadaye nikasoma kwamba Nabwana alipoimaliza kazi yake alilazimika kuifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu nyingine, na nakala iliyobaki duniani ni ile yenye maneno ya VJ. Hakuna tena Kapteni Alex aliye kimya. Nikasoma pia kwamba Nabwana alipokuwa mtoto hakuwa akienda kutazama sinema. Aliyekuwa akienda ni kaka yake, ambaye akirudi alimsimulia kila kitu, nani kapiga nani na nani kaanguka wapi. Alianza kuzijua filamu kwa masikio. Sishangai kwamba alipozitengeneza zake aliacha nafasi ya mtu wa kusimulia.

Na sisi tunawajua watu hao. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyezitia Kiswahili filamu za kigeni hata mtu asiyejua Kiingereza akatoka bandani na hadithi nzima, pengine nzuri kuliko ile ya mwenye filamu. Kenya ina DJ Afro, ambaye wavulana wa Msambweni wanamwiga mpaka namna anavyovuta pumzi. Kabla yao wote kulikuwa na bibi yangu na mazimwi yake. Zimwi la bibi lilikuwa likila watoto wazima wazima, mifupa ikisikika, na tulilala tukiwa tumeshikana. Lakini katikati ya mifupa bibi alikuwa akisimama, akituuliza swali, tukamjibu kwa pamoja, akaendelea. Sikumbuki kuogopa nikiwa peke yangu. Sikuwahi kupewa nafasi ya kuogopa peke yangu.

Nilidhani hapo nimefika. Nikamweleza dada yangu, mama wa mpwa wangu huyo, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu: kwamba damu yenye msimulizi haidhuru, inayodhuru ni ile tunayoitazama kimya kwenye simu. Dada yangu alikuwa anarudi kwenye mwani, kanga imelowa hadi magotini, na hakuwa na haraka ya kunivutia kiti. Akasema, “Kaka, wewe uliingia bandani damu unaijua. Mwanangu anaijua wapi? Baba yake yuko hotelini Diani, chomboni hajampeleka hata siku moja. Mbuzi wa Idi analetwa ameshachinjwa. Wewe unamcheka Mganda kwa sababu rangi haifanani. Yeye haoni tofauti.”

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilikuwa nimekaa karibu na mpwa wangu usiku ule, na nikikumbuka vizuri, alicheka kwa sauti ileile adui alipokufa na Alex alipokufa. Msimulizi alimpa ruhusa ya kutoogopa, hilo nakubali. Kama alimpa kitu kingine pamoja na ruhusa hiyo, sijui, na bibi yangu hayupo nimuulize kama na yeye aliwahi kutazama nyuso zetu akapata wasiwasi.

Wazazi wengine walikuwa wamefika alipofika dada, ila kwa hasira zaidi. Wakanituma mimi, kwa kuwa nafanya kazi mjini na inadhaniwa najua sheria, nikazungumze na mwenye banda. Sheria ipo. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya huzipanga filamu kwa umri, za wote, za mzazi awepo, za miaka 16, za miaka 18, na banda la biashara linatakiwa kuufuata mpango huo. Lakini Kapteni Alex alifika Mkwiro ndani ya flashi, mfukoni mwa kijana aliyetoka Mombasa, bila ganda wala namba. Mwenye banda alinisikiliza kwa adabu. Akanitilia kahawa. Akaniuliza kama nataka aweke namba gani, naye ataiandika kwa chaki mlangoni. Nikasema 16. Nilivyoitoa ile 16 sijui. Nadhani niligawanya katikati ya woga wa dada yangu na kicheko changu. Akaandika. Watoto wanaisoma vizuri sana, maana ndiyo namba ya kwanza wanayoiuliza wakipita.

Tukakubaliana pia kwamba filamu za damu zianze saa nne usiku, wakati wadogo wamelala. Wazazi kadhaa waliniona nimeuza haki yao kwa kikombe cha kahawa. Inawezekana. Dada yangu hakubishana, alimzuia tu mwanawe, na mimi sikumshawishi amwachie.

Linalonisumbua zaidi siku hizi ni jina la filamu. Ni swali, na filamu hailijibu. Alex anauawa, wote wanauliza nani, halafu risasi zinakuwa nyingi, helikopta zinakuja, VJ anatania, na tunapofika mwisho hakuna anayekumbuka kuuliza tena. Mara ya kwanza nililihesabu hilo kuwa kosa la mwandishi asiyejua kufunga hadithi. Lakini vijana wa barazani hawakulisahau. Kila mmoja ana mtu wake: mmoja anasema ni genge, mwingine anasema ni askari wenzake, wa tatu anaapa ni VJ. Wanalibishania kwa bidii ambayo sikumbuki rika langu kuitumia kuhusu 1997. Kwa habari ya 1997 kulikuwa na tume, ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, na ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Ipo, ina majina. Sijawahi kumsikia mtu akiitaja barazani kwetu. Ami hakuwahi kuulizwa na yeyote, na mimi niliyeishi naye kijiji kimoja nilihitaji filamu ya rangi ya chakula ili nimuulize.

Wiki iliyopita niliwakuta, yeye na mpwa wangu, upenuni. Kumbe Ami alikuwa amemwomba amsimulie ile filamu tangu mwanzo, kwa kuwa yeye aliondoka mapema. Mtoto alikuwa amesimama, anapiga risasi kwa mdomo, anaanguka, anainuka, anakuwa Bruce U. Ami anafuata kwa makini, anamsimamisha mara kwa mara: huyo ni mtoto wa nani, hao wanajeshi walikuwa wamelala wapi. Mtoto anajibu anachojua na kutunga asichojua. Alipomaliza, Ami akamuuliza Alex alizikwa wapi.

Mpwa wangu akafikiri. Akasema hakumbuki kama walionyesha. Akanigeukia: “Mjomba, si nawe ulikuwapo? Walimzika?”

Nilikuwapo, nimeitazama zaidi yake, na mimi pia sikukumbuka.